Barua kwa Baba Salim: aende, lakini avae pedi za kriketi

Pumwani, Nairobi

Kwako Baba Salim,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, jua la Januari tu ndilo linatukomesha. Habari ya Salim ilinifikia kabla ya barua yako, maana huyo mwanao hana siri. Usiku uleule alioipata ile karatasi ya mkataba wa klabu ya kriketi ya Uingereza alinitumia picha yake, na chini akaandika, "Ami, nimeshaenda." Hajaenda bado, lakini nilicheka nikamjibu mabruki.

Umeniuliza kama umwachie. Mwachie. Hilo halininyimi usingizi. Kinachoninyima ni kale kamstari ulikokaandika kama mzaha, kwamba hapo Mombasa akiwa netini, pale pa mazoezi, hataki kuvaa pedi za kukinga miguu apige: anarusha spini yake, ile mipira ya kuzunguka, saa nzima, kisha anakaa kivulini na dafu lake wenziwe wakipiga. Bwana wee, hilo si la kuchekea. Nikusimulie habari za mtu mmoja wa Nairobi.

Dipak Patel alizaliwa hapa hapa, Oktoba 25, 1958. Leo ukiuliza jina hilo mjini utaelekezwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa kuwa akina Patel ni wengi na kriketi haina wazee wa kuikumbuka. Aliondoka angali mtoto, akakulia Uingereza. Wewe unazikumbuka enzi hizo kuliko mimi, Wahindi waliokuwa na pasi za Kiingereza wakipanda ndege kwa mamia mwaka 1967 na mwanzoni mwa 1968, kila mmoja akikimbilia kuingia kabla Waingereza hawajafunga mlango. Wakaufunga kwa sheria, Machi 1968.

Mwaka 1976, akiwa na miaka 17, Patel alianza kuichezea kaunti ya Worcestershire. Alikuwa mpigaji, na spini yake ya ofu, ile ya vidole, ilikuwa kama kachumbari, inapendeza ikiwepo, lakini si kwa ajili yake watu waliitwa mezani. Akacheza misimu kumi hivi. Timu ya taifa ya Uingereza haikumwita hata mara moja. Wengine wangekaa hapo wakinung'unika hadi viungo vikakamae. Yeye mwaka 1986 alihamia New Zealand moja kwa moja, akachezea Auckland, na Februari 1987 akavaa kofia ya taifa hilo dhidi ya West Indies mjini Wellington. Hesabu mwenyewe: kazaliwa Afrika, kalelewa Ulaya, kaitwa mtu wa kwao huko mwisho wa dunia akiwa na miaka 28.

Sasa sikiliza mambo. Januari 1992, Christchurch, New Zealand wanacheza na Uingereza mechi ya siku tano. Patel akapiga mpaka mikimbio 99, yaani alama 99, akabakiza mmoja tu apate mia yake ya kwanza kwenye mechi za daraja hilo. Akatolewa akiwa mbioni. Hakuwahi tena kuifikia. Na kwenye timu ya Uingereza siku hiyo alikuwemo Derek Pringle, ambaye naye kazaliwa Nairobi, Septemba 1958, mwezi mmoja tu kabla ya Patel! Babake, Don Pringle, aliichezea Afrika Mashariki kwenye Kombe la Dunia la 1975. Kwenye timu hiyohiyo walikuwemo Allan Lamb na Robin Smith, wazaliwa wa Afrika Kusini, Graeme Hick wa Zimbabwe, Phillip DeFreitas wa Dominica na Chris Lewis wa Guyana. Kwa hiyo Salim akianza kujiona mgeni huko, mkumbushe kwamba wenyeji wenyewe walikuwa wageni watupu, na hakuna aliyewauliza wiketi zao, yaani wapigaji waliowatoa, zimetoka wapi.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni la mwezi uliofuata. Kombe la Dunia, Februari 22, 1992, Eden Park, Auckland, dhidi ya Australia. Nahodha Martin Crowe akampa Chris Cairns ova ya kwanza, yaani mipira sita ya mwanzo, na ya pili, mpira ungali mpya unang'aa, akampa Patel. Spina, mrusha spini! Siku hizo mpira mpya ulikuwa mali ya warushaji wa kasi, na watu uwanjani walidhani nahodha kachanganyikiwa. Kumbe kaona mbali. Wapigaji walizoea kuutumia mwendo wa mpira wenyewe, wanaugusa tu unakwenda. Patel hakuwapa mwendo. Kwenye pichi zile za polepole, pale mpira unapodunda, ilibidi wazitafute nguvu wenyewe, na wakizitafuta wanapiga hewani. Australia ilifungwa, na New Zealand ikashinda mechi zake saba za mwanzo, Patel akifungua karibu kila siku. Pakistan ndiyo iliyowakata, kwanza mwisho wa makundi, tena kwenye nusu fainali, Inzamam-ul-Haq alipopiga 60 kwa mipira 37 huku Crowe akiwa nje kwa maumivu ya paja.

Unaona? Aliyeingia Uingereza kwa upigaji alikuja kukumbukwa kwa kurusha. Maisha yake yote ya kazi alipata mikimbio zaidi ya 15,000 na wiketi zaidi ya 600 kwenye mechi za daraja la kwanza. Mlango mmoja ukifungwa alikuwa na mkono wa kubishia mwingine.

Salim atakwambia, "Baba, huyo ni wa zamani." Basi mpe Collins Obuya. Mimi nilikuwa pale Nairobi Gymkhana Februari 24, 2003, kando ya kamba, kofia ya karatasi kichwani, alipowang'oa Sri Lanka watano kwa mikimbio 24 kwa hiyohiyo legi-spini, spini ya kifundo cha mkono, anayorusha mwanao. Sijawahi kuona watu wa Ngara na watu wa Parklands wakikumbatiana namna ile. Kenya ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na mwaka huohuo kaunti ya Warwickshire, Uingereza, wakamchukua Obuya. Mambo hayakumnyookea kule. Mkataba haukuendelea, na ile spini yenyewe haikurudi kuwa ile. Wengi tulidhani kaisha. Akarudi akiwa mpigaji! Mwaka 2011, Bangalore, kwenye Kombe la Dunia, akabaki hajatolewa na mikimbio 98 dhidi ya Australia. Nilitukana televisheni siku hiyo, mikimbio miwili tu! Lakini angekuwa mtu wa kukaa kivulini na dafu, hiyo 98 ingetoka wapi?

Yuko pia Imran Tahir wa Lahore, nadhani ndiye Salim amembandika ukutani. Alicheza timu ya vijana ya Pakistan, akaoa Afrika Kusini, akahamia, akasubiri miaka hadi akapata ruhusa ya kuichezea nchi hiyo mwaka 2011, umri ukiwa umeshapita 30. Huyo alikuwa na kazi moja tu, kurusha, nakubali. Lakini Salim autazame mwaka 2012 kule Adelaide: ova 37, mikimbio 260, wiketi hakuna. Mgeni akipata siku kama ile, watu huanza kumuuliza alikuja kufanya nini. Tahir alivumilia, na mwaka 2016 akachukua wiketi saba kwa 45 dhidi ya West Indies. Tahir mmoja anatokea, Salim asijihesabu ni wa pili kabla hajapanda ndege.

Na klabu ndogo za ligi za kule si Worcestershire. Ile ya Salim inaajiri profeshenali mmoja, mchezaji wa kulipwa, kutoka nje, na huyo mmoja anatarajiwa afanye yote: arushe ova nyingi, apige wa tatu au wa nne, Jumamosi ashinde, katikati ya wiki afundishe watoto. Aprili kule kuna baridi, vidole vinakufa ganzi, mpira unalowa nyasi na haushikiki. Wiki za kwanza spina wa pwani anaweza asizungushe kitu kabisa. Wenyeji hawatamfukuza kwa hilo akiwa anawaletea mikimbio 40 kila Jumamosi. Akitolewa kwa mpira wa kwanza na spini haizunguki, ndipo wataanza kuitazama ile tiketi waliyomlipia.

Hiyo tiketi yenyewe, umeiona kwenye karatasi? Mimi kwenye picha niliona nyumba na posho, sikuona nani analipa nauli ya kurudi, wala nani anamtibu akiumia goti. Wasiandike "tutaangalia". Iandikwe. Na viza iwe ya kazi yenyewe, asije akaambiwa aingie kama mtalii, hata wakimwambia kila mtu hufanya hivyo.

Mlete Nairobi mwezi wa pili. Atalala kwangu, chumba cha nyuma kipo. Nina jamaa wawili wa Ruaraka wanaorusha kwa kasi, hawana huruma, na nimeshawaambia kuna mtoto wa Mombasa anakuja kupigwa mbavu. Asilete mpira hata mmoja. Alete pedi, na kama hana, zangu zipo, zimechakaa ila zinafunga.

Nisalimie Mama Salim, umwambie achari yake ya embe ilikwisha siku ya tatu, wageni ndio walioila, si mimi. Kijana akipanda treni ya SGR abebe chupa mbili.

Wasalaam,
Ami wake wa Pumwani