Ramani ya wasioona iliyochorewa wenye macho

Mhariri,

Miaka yote mimi ni wa kusoma tu, siandiki. Lakini ile habari yenu ya jengo la umma lililotundikiwa "ramani ya kisasa kwa wasioona", na picha ya wakubwa wakikata utepe, imenishinda. Nimekwenda kuipapasa.

Ni ramani ya fundi wa ujenzi, imepunguzwa kisha mistari yake ikainuliwa ipapaswe. Meza zimo, viti vimo, hata upande mlango unaofungukia. Kidole si jicho: alama mbili zikisongamana chini ya milimita 3 hivi, kinagusa uvimbe mmoja. Ndiyo maana huwekwa mambo machache tu, yaani mlango mkuu, mapokezi, ngazi, lifti, choo na mlango wa dharura, na njia ya kupita huachwa laini kabisa. Nukta nundu nazo, yale maandishi ya wasioona ya kupapasa, wamezipunguza pamoja na mchoro! Hizo hazipunguzwi: kutoka nukta hadi nukta ndani ya herufi moja ni milimita 2.5 hivi, kimo nusu milimita. Jina lisipoenea, huwekwa herufi mbili na maelezo yake pembeni. Na kubwa kuliko yote, kaskazini iko juu ilhali anayeingia anaelekea kusini. Choo kilicho kulia kwake ramani inakiweka kushoto, akiifuata anaishia stoo. Ramani ya mlangoni hufuata uso wa msomaji, haifuati dira. Tena ni bamba la chuma, limesimama wima nje juani. Saa nane mchana haligusiki. Lingelazwa mshazari, usawa wa kiuno, kivulini, viganja vikatulia. Mbele yake pana chungu cha maua.

Katiba ya Kenya, kifungu cha 54, imetaja nukta nundu. Haikusema za mapambo.

Na huyo mtu atafikaje hapo? Kando ya Digo Road njia ya miguu ni meza za mitumba na bodaboda, fimbo nyeupe inagonga viatu vya watu.

Safari nyingine, enyi wenye jengo, kabla ya kukata chuma, ichapisheni kwanza kwenye ile karatasi ambayo mistari yake myeusi huvimba ikipitishwa kwenye joto, ukubwa wa A3. Waiteni wasioona watatu wasiolijua jengo, muwalipe. Akishindwa hata mmoja wao kufika chooni kisha kutokea mlango wa dharura, mkandarasi asipewe hata senti. Chungu nacho kihamishwe leo. Maua hayapotei njia.

Msomaji,
Kisauni, Mombasa