Miaka saba si tarehe ya kumhamisha mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie imani moja ambayo, katika miaka yangu ya kufundisha darasa la kwanza na la pili hapa Morogoro, nimeiona ikiwaumiza watoto wa wazazi waliotalikiana, nayo ni kwamba mtoto akishatimiza miaka saba huwa wa baba, na baba aweza kwenda kumchukua bila kuuliza mtu.

Muhula uliopita mzazi mmoja alifika ofisini kwetu akidai barua ya uhamisho wa binti yake wa darasa la pili, kwa maelezo kwamba mama "amemaliza muda wake". Hakuwa na amri ya mahakama. Mama naye, tulipompigia simu, hakuwa na zaidi ya hati ya talaka ambayo haikumtaja mtoto hata kwa neno moja. Tulikataa kutoa barua, lakini kwa wiki mbili zilizofuata binti huyo hakuonekana shuleni, kwa kuwa mama alihofia kwamba angechukuliwa njiani. Aliporudi, kila gari liliposimama getini aliacha kuandika.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi kama watu wanavyoamini. Kifungu cha 125 kinatanguliza ustawi wa mtoto mbele ya mambo yote, kisha kinaitaka mahakama izingatie matakwa ya wazazi, maoni ya mtoto mwenyewe ikiwa umri wake unamwezesha kuyatoa, na mila za jamii ya wahusika. Miaka saba imetajwa kwa jambo moja tu, kwamba mtoto aliye chini ya umri huo hudhaniwa kuwa ni vyema akae na mama yake, na hata dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba siku akitimiza miaka hiyo malezi yanahamia kwa baba. Kinyume chake, kifungu hicho hicho kinatahadharisha juu ya kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha kutoka mikono hii kwenda mingine. Nao wanaosema kwamba hiyo ndiyo mila yetu wakumbuke kuwa mila si moja, maana kwa Waluguru, wenyeji wa hapa, mtoto ni wa ukoo wa mama.

Siandiki haya kuwatetea kina mama peke yao. Wapo wanaomficha mtoto kwa sababu baba hajatuma fedha za matunzo, kama walivyopo kina baba wanaozuia fedha kwa sababu hawajaruhusiwa kumwona mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 26, inampa mtoto haki ya kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango alichokuwa nacho kabla wazazi wake hawajaachana, na haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye kila anapotaka, mradi masomo yake yasiathirike. Haki zote mbili ni za mtoto mwenyewe, wala hakuna iliyowekwa rehani kwa ajili ya nyingine.

Kwa hiyo nawaomba mahakimu wetu, pamoja na maafisa ustawi wa jamii wanaowasaidia, wasiishie kuandika kwamba mzazi mmoja "aruhusiwe kumwona mtoto kwa nyakati zinazofaa", kwa maana watu waliogombana hadi kuachana hawawezi kukubaliana ni nyakati zipi zinazofaa. Amri itaje siku na saa, iseme likizo ya Juni na ya Desemba zigawanywe vipi, nani alipe matibabu na mahitaji ya shule, na nani awezaye kuomba uhamisho. Wazazi nao walete nakala ya amri hiyo kwa mwalimu mkuu mapema, kabla hatujalazimika kuitafuta huku mtoto akiwa amesimama katikati yetu ofisini.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro.