Kwa mpwa wangu aliyeniuliza kwa nini najenga meli iliyozama

Mpwa wangu,

Siku ile ulipochungulia mezani kwangu ukacheka, "Mjomba, manowari zote za dunia, ukaona ujenge iliyozama?", sikukujibu. Nilikuwa nimebana ubao kwa vidole vitatu nikisubiri gundi ishike, na mtu akiwa katika hali ile habishani. Leo mikono iko huru.

Vasa, manowari ninayoijenga mfano wake, iling'oa nanga Stockholm tarehe 10 Agosti 1628 ikiwa na mizinga 64, fahari ya Mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi. Haikufika hata kilomita moja na nusu. Upepo uliilaza kushoto, ikajiinua. Ukavuma tena, ikainama mpaka maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga ya chini. Ikazama mbele ya macho ya watu. Hapo ndipo ulipochekea.

Sasa niambie, zile zilizoshinda vita ziko wapi? Nyingi zilioza au zikavunjwa mbao, na anayejenga mifano yake hujenga kwa michoro na kukisia. Vasa iliopolewa mwaka 1961 karibu nzima, kwa sababu yule mdudu anayetoboa mbao za vyombo hastahimili maji ya Baltiki yenye chumvi kidogo. Nikitaka kujua simba aliyechongwa kwenye omo, yaani mbele ya meli, anatazama wapi, yupo, naangalia picha yake. Hata kijitabu kilichokuja na mbao zangu kimekosea: kinaagiza pande za juu za tezi, yaani nyuma ya meli, zipakwe buluu, ilhali watafiti waliochunguza mabaki ya rangi walikuta nyekundu. Nimepaka nyekundu.

Mkuku, ule uti wa chini wa meli, na mataruma, zile mbavu zake za ndani, havikunisumbua. Kazi ni kupiga mbao za ubavuni. Ubao usipoupunguza upana kadiri unavyoelekea omo, utapanda juu ya mwenzake. Basi naupunguza, naulowesha kwa maji ya moto, naupinda taratibu, naubana, nauacha ulale hadi asubuhi. Mbao mbili kwa siku nikiwa na bahati. Mwezi wa pili nikagundua ubavu wa kushoto umenenepa kuliko wa kulia kwa milimita mbili nzima. Nikang'oa safu nne, na maneno niliyoyatamka siwezi kukuandikia wewe.

Ndipo nikaja kusoma kwamba waliopima Vasa yenyewe walikuta upande wa kushoto una mbao nyingi kuliko wa kulia! Ndani yake zilipatikana rula nne za mafundi: mbili za futi ya Uswidi, yenye inchi 12, na mbili za futi ya Amsterdam, yenye inchi 11. Kila fundi na futi yake. Laiti ningejua mapema, zile safu nne ningeziacha.

Kuna jambo lingine ambalo kwenye maandishi sikulielewa mpaka nilipolishika: kwa nini iliinama kirahisi vile. Mfano wangu ni wa 1:75, yaani meli halisi ni mara 75 ya huu, kwa hiyo urefu wake ni sentimita 92 pamoja na mlingoti wa omo unaochomoza mbele, upana hauzidi 16, na kimo hadi ncha ya mlingoti mkuu ni 70. Upana 16, kimo 70! Weka juu ya hapo sitaha mbili za mizinga mizito. Chini kulikuwa na farumi ya mawe, yaani uzito wa kuituliza meli, tani 120 hivi, nayo haikutosha; na kuiongeza kungeyashusha madirisha ya mizinga karibu zaidi na maji. Wakubwa wake walijua pia. Kabla ya safari, mabaharia 30 waliambiwa wakimbie sitahani kutoka ubavu hadi ubavu, meli ikayumba vibaya mno hata Admirali Klas Fleming akalisimamisha jaribio. Kisha ikasafiri vilevile, kwa kuwa mfalme alikuwa na haraka.

Juzi nilisimamisha mlingoti mkuu kabla sijaukaza mkuku kwenye kitako chake. Nikageuka kuchukua uzi. Kishindo. Kugeuka, manowari yangu imelala, na ndiyo, ubavu wa kushoto. Cheka tu.

Foromali iliyovunjika, ile boriti inayobeba tanga, nimeshachonga nyingine. Zimebaki kamba, na vidole vyako ni vyembamba kuliko vyangu. Njoo unisaidie, ila ukifika usiiguse kabla sijaibana.

Mjomba wako