Kukerwa si kudhurika

Mhariri,

Mjadala kuhusu uhuru wa mtu binafsi siku hizi haufiki mbali. Mmoja anasema, "Ni maisha yangu, usiniingilie." Mwingine anamjibu kwamba kila uhuru una mipaka. Basi, kila mtu anaondoka akijiona mshindi, bila kuulizana mipaka hiyo anaiweka nani na kwa kipimo gani.

Kipimo kipo, tena cha zamani. Tamko la Haki za Binadamu na Raia la Ufaransa la mwaka 1789 linasema katika kifungu cha 4 kuwa uhuru ni kuweza kufanya lolote lisilomdhuru mwingine. Kazi ni kujua madhara yanaanzia wapi. Kwa moshi wa sigara ni rahisi, kwa sababu hauchagui pafu la kuingia. Ireland ilipopiga marufuku uvutaji ndani ya sehemu za kazi mwaka 2004, baa zikiwemo, mvutaji hakunyang'anywa sigara yake. Aliambiwa akaivutie nje.

Kwenye simu mambo ni magumu zaidi. Mtu amegongwa na gari, amelala barabarani, nguo zimempanda. Kabla hajatokea wa kumsitiri, simu zimeshanyooshwa kila upande. Ukimuuliza anayerekodi, atakwambia barabara ni ya wote na simu ni ya kwake. Ni kweli, vyote viwili. Lakini majeruhi hana hata nguvu ya kugeuza uso, na mama yake huenda akamwona mwanawe kwenye kundi la WhatsApp, damu na yote, kabla hospitali haijampigia. Hapo mtu ameumizwa mara ya pili, na mimi sioni uhuru gani unaotetewa.

Hata hivyo, wapo wanaoyageuza maneno haya ya mipaka kuwa fimbo. Nywele za kijana zikiwaudhi, wanataka zikatazwe. Mtu akiwakosoa wakubwa, anaambiwa amevuka mipaka. Huyo amemdhuru nani? Wepesi wa kukasirika haumpi mtu mamlaka juu ya maisha ya mwenzake. Najua watanikumbusha kwamba Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la 1948 linataja maadili, katika kifungu cha 29, kuwa sababu mojawapo ya kuuwekea uhuru mipaka. Linayataja, ila linataka mipaka iwekwe kwa sheria, na kwa mahitaji ya haki ya jamii ya kidemokrasia. Hasira ya jirani au ya ofisa mmoja si sheria.

Linalobaki kunisumbua ni la mtu anayejihatarisha mwenyewe, kama dereva asiyetaka kufunga mkanda. Jimbo la Victoria, Australia, lilianza kuulazimisha mwaka 1970, nami nauunga mkono ulazima huo, ingawa kwa shingo upande: leo ni mkanda, kesho atakuja mwingine kutupangia hata saa ya kulala, kwa faida yetu.

Kwa hiyo anayetaka kukataza jambo aanze yeye kueleza ni nani anayeumia, anaumiaje, na kama hakuna njia nyepesi kuliko marufuku. Mzigo huo asitwishwe anayeishi maisha yake. Na kwa kuwa nimewagusa wenye simu, niviombe na vyombo vya habari: sura za majeruhi na marehemu zisitolewe kabla ndugu zao hawajaarifiwa na kuridhia.

Msomaji wenu