Ruta za majumbani zisiachwe na nywila za kiwandani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wasomaji wenzangu, hasa sisi wapangaji wa Ntinda, Kisaasi na Bukoto ambao mawimbi ya intaneti yetu hupenya hadi sebuleni kwa jirani, kwamba ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, haiwi salama kwa sababu tu taa zake zinawaka.

Kila ruta ina nywila mbili: moja ya kujiunga na mtandao, na nyingine ya kuingia kwenye mipangilio. Hii ya pili ndiyo husahauliwa, na mara nyingi hubaki “admin” kama ilivyotoka kiwandani. Anayeifahamu anaweza kubadilisha anwani za seva za DNS, yaani kompyuta zinazoielekeza simu yako tovuti ilipo, hata ukaandika anwani sahihi ya benki yako ukapelekwa kwenye ukurasa bandia.

Humo humo kwenye mipangilio, chagua usimbaji (mfumo wa kuficha data inayopita hewani) wa WPA2 au, ruta ikiruhusu, WPA3 uliotangazwa mwaka 2018; ule wa zamani, WEP, ulivunjwa tangu 2001. Zima pia WPS, njia ya kujiunga na mtandao bila kuandika nywila: namba yake ya tarakimu 8 huhakikiwa kwa vipande viwili, hivyo mdukuzi hahitaji kujaribu zaidi ya mara 11,000 hivi. Kuficha jina la mtandao, ushauri unaopendwa na mafundi wengi, sioni faida yake, kwani simu zetu zenyewe hulitangaza hewani zinapoutafuta.

Kampuni zinazotuunganishia intaneti ziwaagize mafundi wao wabadilishe nywila zote mbili mbele ya mteja kabla hawajaondoka.

Msomaji wenu,
Kampala