Mate si makohozi

Kikopo kinafika kwenye meza yetu ya maabara kikiwa na maji meupe, mepesi, povu juu. Tunayaangalia kwa hadubini kutimiza wajibu tu: seli bapa za mdomoni tele, chembe nyeupe za damu za kuhesabu. Hayo ni mate. Inabidi tumpigie mama wa mtoto simu alete sampuli nyingine, simu ambayo hakuna anayeipenda.

Kwa mwenye sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi, hatuwezi kupuuzia. Jeni yake ya CFTR ina hitilafu, ute wa mapafu unakuwa mzito na bakteria wanapata maskani. Anayetusumbua zaidi ni Pseudomonas aeruginosa. Akinaswa mapema, dawa zinaweza kumfukuza. Akishazoea na kujifunika utando wake, hatoki kirahisi. Ndiyo sababu hushauriwa kupima angalau kila miezi 3, hata kama kifua kimetulia.

Makohozi yenyewe hutoka chini. Subiri umalize mazoezi ya kusafisha kifua, sukutua kwa maji matupu, vuta pumzi ndefu, kisha kohoa kwa nguvu ya kifua, si kukwangua koo. Donge zito ndilo tunalolitaka. Lilete siku hiyohiyo. Likichelewa, liweke kwenye friji, lisigande.

Watoto wadogo, hata hivyo, humeza makohozi. Na tangu dawa yenye mchanganyiko wa viambato vitatu ya kurekebisha kazi ya CFTR ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2019, hata watu wazima wengi wanaoitumia hawana tena cha kutema. Heri yao, ila sisi imetuongezea kazi! Wengi huchukuliwa sampuli kwa kijiti cha pamba nyuma ya koo wakikohoa. Ni sekunde chache, lakini koo si pafu: kijiti huweza kumkosa aliyejificha chini, au kumleta anayeishi kooni tu.

Sisi tunapendelea kuyachochea makohozi. Kwanza dawa ya kupanua njia za hewa, kisha mvuke wa maji ya chumvi, yenye nguvu ya 3% hadi 7%, kwa nebulaiza, mashine ya kuvutia dawa kama ukungu. Watoto hukunja uso kama waliomeza maji ya bahari, halafu kikohozi kinakuja chenyewe. Utafiti wa Cardiff uliochapishwa mwaka 2018 uliilinganisha njia hii na kuosha pafu kwa bronkoskopi (mrija wenye kamera unaoingizwa mapafuni) kwa watoto. Ilinasa vijidudu vingi, vikiwemo ambavyo bronkoskopi ilivikosa. Bronkoskopi haijastaafu, lakini si ya kila miezi 3, maana mtoto hulazwa usingizi.

Ombi moja: fomu iandikwe "sistiki faibrosisi", si "kikohozi" tu. Burkholderia, bakteria mwingine wa hatari, huoteshwa kwenye sahani yake maalumu ya maabara. Kwenye sahani ya kawaida Pseudomonas humfunika, nasi tusingejua kumtafuta. Na njoo kwa miadi yako peke yako, usiongozane na rafiki mwenye ugonjwa huohuo, kwani mnaweza kuambukizana.