Barua kwa Issa kuhusu bwawa letu

Mtama, Lindi
14 Septemba

Ndugu yangu Issa,

Assalaam aleikum. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi hatujambo, ila mguu wa Mzee Likwata bado unamsumbua. Nisamehe kwa ukimya wangu tangu Ramadhani. Kilichonishikisha kalamu usiku huu ni bwawa letu: limegeuka kijani, na akina mama wanaendelea kuchota.

Juzi nilijaza maji yake kwenye glasi nikayaacha dirishani hadi asubuhi. Nilikuta ukijani wote umepanda na kutanda juu kama rangi, na chini yake maji meupe. Diatomu, vile vijimea vyenye ganda gumu kama kioo, zingezama; vinavyopanda hivyo ni sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mimea, kwa kuwa seli zao zina vifuko vya hewa. Karatasi za kupimia tindikali zilionyesha 7 alfajiri na 9 alasiri, yaani tindikali ilipungua, maana mchana kutwa vijimea hivyo hufyonza kaboni dioksidi iliyoyeyuka majini, ambayo ndiyo huyatia maji tindikali.

Hapa kila mtu anailaumu salfa tunayopulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Naona wamepatia nusu. Kinachovinenepesha vijimea ni fosforasi, kama walivyoonyesha watafiti wa Kanada mwaka 1973 walipoligawa kwa pazia ziwa lao la majaribio liitwalo Ziwa 226, wakatia kaboni na naitrojeni pande zote mbili na fosforasi upande mmoja tu, na ni upande huo uliogeuka kijani. Lakini bakteria wa udongo huigeuza salfa kuwa salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni na kuyeyuka majini, mvua ikaisomba hadi bwawani, na kule kwenye tope lisilo na oksijeni bakteria wengine huinyang'anya oksijeni hiyo na kuifanya salfidi, ambayo hukamata chuma. Chuma hicho ndicho kilichokuwa kimeishikilia fosforasi. Kikishakamatwa, fosforasi huachiwa, ikapanda majini. Unalikumbuka lile tope jeusi lenye harufu ya yai viza, alilokanyaga Somoe? Weusi ule ni chuma kilichoungana na salfidi. Huenda basi fosforasi ya mbolea ya mpunga na ya kinyesi cha ng'ombe cha miaka iliyopita ndiyo inayoturudia sasa.

Narudi kwa akina mama. Bi Fatu anawahimiza wenzake wachemshe maji, na kwa kuhara amesema kweli, lakini sumu ya sianobakteria haivunjiki kwa kuchemshwa, na seli zikipasuka motoni huimwaga zaidi. Si kila aina hutoa sumu, nami kwa macho siwezi kuzitofautisha. Nimewasihi wachote kisimani, ingawa ni mbali, na baadhi wamekubali.

Je, maabara yenu inaweza kutupimia salfeti na fosfati, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini? Nijaze chupa za glasi au za plastiki? Lazima ziwekwe kwenye barafu hadi Mtwara? Tope nalo nilete? Na ukija harusini kwa Zuhura, utaweza kubeba hadubini? Tafadhali nijibu kabla mvua hazijaanza, kwani salfa ya msimu huu ingali juu ya udongo.

Nduguyo,
Hamisi